Safisha Filamu kwa Joto la Nyumbani: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Gihosha

Anayeanza kupiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe hapa Gihosha, mtaa wa Bujumbura, hukutana na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Vitabu na karatasi zinazokuja pamoja na dawa humwambia asafishe filamu kwa digrii 20, awe na bomba linalotiririka bila kukoma, na awe na chumba cha giza chenye umeme. Akiitazama nyumba yake anaona kinyume cha hayo yote. Maji ya bomba ni vuguvugu, maji na umeme wa shirika la Regideso hukatika, na chumba pekee kisicho na dirisha ni stoo au bafu. Wengi hukata tamaa hapo, na wengine hutumia nguvu zao zote kuitafuta hiyo digrii 20 kwa barafu. Hoja ya makala haya ni moja: mpiga picha wa Gihosha asipigane na joto la mahali pake. Alipime, alifuate, kisha abadilishe mambo mawili katika mazoea ya vitabuni: aipe filamu mwanga mwingi zaidi wakati wa kupiga, na muda mfupi zaidi wakati wa kusafisha. Akishikilia hilo bila kuyumba atapata negativu bora kuliko za anayehangaika na barafu, tena kwa maji machache na bila umeme.

Sababu yake iko ndani ya filamu yenyewe. Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba la jelatini lenye chembechembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa chembe hizo huacha alama isiyoonekana kwa macho, na devilopa huzigeuza zile zilizoguswa kuwa fedha nyeusi. Kazi hiyo ni ya kikemia, na kama kazi nyingi za kikemia huenda mbio zaidi joto likipanda. Sehemu zilizopokea mwanga mwingi, kama mbingu au shati jeupe, huzidi kuwa nyeusi kwenye negativu kadiri dakika zinavyopita, ilhali sehemu za vivuli humaliza mapema kile kidogo zilichonacho. Ndiyo maana ukitumia dakika za digrii 20 kwenye maji ya digrii 26, vivuli haviongezeki sana, lakini sehemu za mwanga hujaa mpaka hazipitishi kitu. Picha hutoka na weupe mtupu upande mmoja na weusi usio na sura upande wa pili. Sasa liweke hapo jua letu. Bujumbura iko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua husimama karibu na utosi, kiasi kwamba ukuta uliopakwa chokaa na uso ulio chini ya kofia huachana mno kwa mwanga. Jua hutenganisha weusi na weupe, na maji ya vuguvugu huutanua utengano huo huo. Kwa kuwa mambo hayo mawili yanasukuma upande mmoja, dawa yake nayo ni moja: mwanga wa kutosha kwa ajili ya vivuli, na dakika chache ili sehemu za mwanga zisijae.

Atakayesema kwamba joto huharibu filamu, na kwamba kulifuata ni kujifariji, ana msingi wa kusema hivyo. Jelatini huvimba na kulainika katika maji ya moto, na zamani mafundi waliona filamu zikipasuka nyufa ndogondogo au tabaka likibanduka. Lakini watengenezaji walilijua tatizo hilo mapema na wakalijibu. Kodak ilikuwa na devilopa iliyoitwa DK-15, iliyokusudiwa nchi za joto, yenye salfeti ya sodiamu ndani yake ili jelatini isivimbe kupita kiasi. Filamu za leo zimekazwa zaidi kiwandani. XP2 Super ya Ilford, ambayo ni filamu nyeusi na nyeupe inayosafishwa kwa dawa za filamu za rangi, hupita katika dawa yenye digrii 38 na kutoka salama. Hilo halina maana kwamba kila filamu ivumilie digrii 38, ila linaonyesha kwamba digrii 24 au 26 si hatari ya kuogopesha. Kodak yenyewe, kwa devilopa yake ya T-Max, ilipendekeza digrii 24 kuwa joto la kawaida la kazi. Zaidi ya hayo, ushahidi uko katika pwani ya Afrika Mashariki. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Rohit. Huko Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha negativu tofauti kuwa picha moja, kazi isiyowezekana kwa mtu asiyemudu dawa zake. Unguja na Lamu ziko usawa wa bahari, na joto lake ni kali kuliko la Gihosha, mtaa uliopanda mlimani juu ya ziwa ambalo lenyewe liko mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari. Kama iliwezekana kule, hapa hatuna kisingizio.

Tuanze basi na kamera, kwa sababu kosa lililofanyika kwenye kamera halitibiki kwenye tangi. Chagua filamu moja ya ISO 400, kama HP5 Plus ya Ilford au Tri-X ya Kodak, na usiibadilishe mpaka uijue. Siku ya jua kali weka kipima mwanga kwenye 200 badala ya 400. Hapo umeipa filamu mwanga mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye boksi, nao utakwenda kuokoa vivuli. Kamera yako ikiwa ya zamani na kipima mwanga chake kimekufa, tumia kanuni ya jua: tundu la lenzi likiwa 16, kasi ya shata iwe sekunde moja kugawanywa kwa ISO unayotumia, yaani 1/250 ndiyo iliyo karibu zaidi na 200. Mtu akiwa chini ya mwembe au barazani, fungua tundu hadi 8 au 5.6 kwa kasi hiyo hiyo. Usiogope kuzidisha. Negativu iliyopokea mwanga mwingi kiasi bado hutoa picha, lakini kivuli ambacho hakikupata mwanga hakuna dawa itakayokijaza.

Nyuso zetu zinahitaji uangalifu wa pekee. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu cha kati. Kikielekezwa kwa mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta ndio unaokitawala, na uso hubaki doa jeusi. Sogea mpaka uso ujaze fremu, soma mwanga pale, kisha rudi nyuma upige kwa kipimo hicho hicho hata kama mshale wa kamera unalalamika. Kipimo hicho huelekea kuzidisha mwanga kidogo, jambo ambalo kwa negativu ni faida. Muda pia una neno lake. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri jua hulala upande, huingia chini ya paji la uso na kuonyesha macho. Mchana mtu huyo huyo mtafutie kivuli cha wazi, ukutani au chini ya veranda, ambako mwanga hutoka mbinguni na hautoki moja kwa moja kwenye jua. Anayependa mandhari, kwa kuwa Gihosha inatazama ziwa na milima ya Kongo, ajue kwamba wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, vumbi na moshi huifunika ng'ambo ile. Kichujio cha njano huitenga mbingu na mawingu, na cha rangi ya machungwa hukata ukungu wa mbali vizuri zaidi. Cha njano kinakudai mwanga mara mbili, cha machungwa karibu mara nne. Kichujio chekundu kiache kwa ajili ya mbingu, maana juu ya ngozi hung'arisha na kuisawazisha mpaka uso unapoteza umbo.

Kuhusu giza, hofu ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Filamu inahitaji giza kamili kwa dakika chache tu, wakati wa kuitoa kwenye mkebe wake na kuivingirisha kwenye rili ya tangi. Tangi likishafungwa, kila kitu kingine hufanyika mchana kweupe, uani au jikoni. Taa nyekundu inayoonekana katika sinema haina nafasi hapa. Hiyo ni ya karatasi za kuchapia, ilhali filamu za kawaida huona rangi zote na nyekundu itaziunguza. Mfuko mweusi wenye mikono miwili unatosha. Asiye nao aingie stoo usiku, azibe chini ya mlango kwa blanketi, akae dakika tano macho yazoee. Kama baada ya hapo huoni mkono wako mbele ya uso, filamu nayo haioni. Umeme ukikatika mtaa mzima, giza hilo hupatikana kwa urahisi zaidi. Adui wa kweli ni unyevu, kwa sababu rili ya plastiki yenye tone la maji huikwamisha filamu, na mikono iliyofungiwa ndani ya mfuko hutoka jasho haraka. Kausha rili siku moja kabla, nawa mikono na uikaushe, na ujizoeze kuvingirisha mara nyingi kwa filamu iliyoharibika, kwanza ukitazama, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Filamu ikikwama, usiilazimishe. Iweke ndani ya tangi, funga, toa mikono ipoe, kisha rudia.

Sasa tufike kwenye joto, ambalo ndilo kiini. Familia nyingi hapa huweka akiba ya maji katika bidoni kwa sababu ya kukatika kwake. Bidoni hizo ndizo kifaa bora cha kutuliza joto ambacho msafishaji filamu anaweza kupata. Lita 20 za maji zilizolala usiku kucha ndani ya chumba huwa na joto la chumba hicho, na hubadilika polepole sana, tofauti na maji yanayotoka bombani baada ya kupita katika mabomba yaliyopigwa na jua. Jioni weka bidoni moja kwenye stoo yenye kivuli, pamoja na chupa za dawa zako. Asubuhi kabla jua halijachomoza pima maji hayo kwa kipimajoto cha kuaminika. Huenda ukakuta 23, 24 au 25. Mimina mengine kwenye beseni, simamisha humo chupa zote na tangi, na dawa zote zitakuwa na joto moja tangu mwanzo hadi mwisho. Namba hiyo uliyoisoma ndiyo joto lako la kazi kwa siku hiyo, na dakika zako zitatokana nayo.

Hesabu yake si ngumu. Ilford hutoa mfano kwamba kazi ya dakika 4 kwa digrii 20 huwa dakika 3 kwa digrii 23, yaani kila digrii moja inayoongezeka hupunguza karibu sehemu moja ya kumi ya muda uliobaki. Chukua HP5 Plus iliyopigwa kwa 400 na devilopa ya ID-11. Dawa hiyo ikitumika bila kuchanganywa na maji, muda wake ni dakika 7 na nusu kwa digrii 20, nao hushuka hadi kama dakika 5 kwa digrii 24. Hapo kuna hatari mpya, kwa sababu muda wa chini ya dakika 5 hauiachii dawa nafasi ya kuenea sawasawa, na filamu huweza kutoka na mabaka. Suluhisho ni kuichanganya dawa na maji kwa kiasi sawa. Muda wa digrii 20 huwa dakika 13, na kwa digrii 24 hubaki kama dakika 9, muda mzuri wa kufanya kazi bila pupa. Kwa digrii 26 utakuwa kama dakika 7 na robo, ambao bado ni salama. Filamu iliyopigwa kwa 200 kwenye jua kali ipunguzie tena sehemu moja kati ya sita hivi, yaani dakika 9 ziwe 7 na nusu. Kwa namna hiyo maji ya ziada ndani ya dawa yanakurudishia zile dakika ambazo joto limekunyang'anya. Kutikisa nako kufuate utaratibu usiobadilika: pindua tangi mara nne katika sekunde kumi za kwanza, ligonge kidogo mezani ili mapovu yaachie, kisha pindua mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Anayetikisa kila anapokumbuka anaongeza utengano wa weusi na weupe bila kujua, halafu analaumu joto.

Wapo watakaosema kwamba barafu bado ni njia ya uhakika, kwa kuwa dakika zote za vitabuni zimeandikwa kwa digrii 20. Tatizo ni kwamba barafu hukupa digrii 20 mwanzoni tu. Tangi dogo lililo katika chumba chenye digrii 27 au 28 huanza kupata joto mara moja, na mikono inayolishika huliongezea, kwa hiyo mwisho wa kazi hujui filamu ilisafishwa kwa joto gani. Wakati mwingine utaanza na 19, wakati mwingine na 21, na kila filamu itakuwa na tabia yake. Kisha unakuja mruko, pale filamu inapotoka katika devilopa ya digrii 20 na kuingia katika maji ya bomba ya digrii 26. Ilford inashauri dawa zote na maji ya kuoshea visipishane zaidi ya digrii 5, kwa sababu mishtuko ya joto ndiyo inayoumiza jelatini kuliko joto lililotulia. Tena barafu inategemea friji, na friji inategemea umeme usio wa uhakika. Barafu ina nafasi moja tu ninayoikubali: siku ambayo bidoni imezidi digrii 27, mifuko michache ndani ya beseni la nje inaweza kulishusha joto hadi 24 au 25, na unaanza kazi baada ya vyombo vyote kutulia hapo.

Baada ya devilopa, mwaga, suuza kwa maji ya bidoni au kwa siki ya kawaida iliyozimuliwa kwa maji mara tatu au nne, kisha mimina fiksa. Fiksa ndiyo inayoondoa chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga, na bila hiyo picha itageuka njano na kufifia. Usiikadirie nguvu yake kwa macho. Kata kipande cha mwanzo wa filamu, kile kilichokwisha kuona mwanga, kitumbukize ndani ya fiksa na uhesabu muda mpaka kiwe angavu. Filamu yenyewe ifiksi kwa mara mbili ya muda huo. Fiksa hutumika tena na tena, lakini kipande cha majaribio kikichukua muda mara mbili ya ule wa fiksa mpya, imechoka. Kuosha nako kuna njia ya kubana maji inayopendekezwa na Ilford kwa fiksa isiyo na dawa ya kukazia jelatini. Jaza tangi maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Kwa tangi la filamu moja ya milimita 35 linalobeba kama mililita 300, hayo yote hayafiki lita moja. Hoja kwamba kazi hii inafuja maji katika mji wenye shida ya maji haina msingi kwa anayefuata njia hiyo. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kuchujwa, au ya chupa, ukiwa umetia tone moja dogo la sabuni ya vyombo ili matone yasiache alama, kisha tundika filamu bafuni ambako hakuna anayepita akipeperusha vumbi.

Hoja nyingine ni kwamba dawa na filamu havipatikani kirahisi mjini. Ni kweli vinahitaji mpango. Vikoba vya unga kama ID-11 au D-76 husafiri vizuri kuliko chupa, na ndugu anayekuja kutoka nje anaweza kuvibeba. Filamu zisiwekwe kamwe katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege, kwa sababu mashine zinazoikagua zina mionzi mikali. Zibebwe mkononi, na penye mashine mpya za uwanjani zinazokagua kwa mionzi ya pande zote abiria aombe zikaguliwe kwa mkono. Anayepiga sana anunue ukanda wa mita 30 na nusu, akate mwenyewe, atapata filamu zipatazo 18 za picha 36. Asiyepata devilopa kabisa anaweza kutumia kahawa. Wanafunzi wa Scott Williams katika Rochester Institute of Technology nchini Marekani walionyesha mwaka 1995 kwamba kahawa yenye magadi ya kufulia husafisha filamu, na mchanganyiko unaojulikana sana leo kwa lita moja ni gramu 54 za kabonati ya sodiamu kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kwa dakika 15 za digrii 20, ambazo kwa digrii 24 zinashuka hadi kama 10. Burundi ni nchi ya kahawa, lakini nyingi ni arabika, ambayo ni bora kikombeni na dhaifu kwenye tangi. Robusta ina zaidi zile asidi zinazofanya kazi. Kahawa ya unga ya bei nafuu kama ile inayotengenezwa Bukoba, mkoani Kagera, panapolimwa robusta kwa wingi, itakufaa kuliko arabika ghali ya Kayanza. Magadi ya kupikia usiyatumie kama yalivyo, kwa sababu ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati na nguvu yake hubadilika. Chukua bikabonati safi ya kuokea, ikaange kwenye sufuria kavu hadi iache kutoa mvuke. Gramu 100 zitabaki 63 hivi za kabonati unayoitaka. Hata hivyo kahawa haifanyi kazi ya fiksa, na fiksa ni lazima uinunue.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya simu. Kwa nini mtu ahangaike na dawa ilhali simu hupiga picha mia bila gharama? Jibu langu halidai kwamba filamu hupiga picha nzuri zaidi kila mara. Linahusu kudumu. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la Uganda zilipatikana negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda. Zilikuwa zimekaa kabatini kwa miongo, zikapita tawala na vita, na zikasomeka kwa macho bila nenosiri wala programu. Familia ngapi za Bujumbura zimepoteza picha zote za harusi au za wazazi pamoja na simu moja iliyoibwa? Negativu iliyofiksiwa na kuoshwa vizuri, ikawekwa ndani ya mifuko yake katika boksi kavu lenye vijiwe vya kufyonza unyevu, itawafikia wajukuu. Wala huhitaji kuiacha simu. Weka negativu juu ya kioo cheupe cha kompyuta kibao, ukiiinua kwa kipande cha plastiki nyeupe ili vidoa vya kioo visionekane, ipige kwa simu na uigeuze rangi, nawe una picha ya kuwatumia ndugu wakati asili yake imelala salama.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni usalama wa watu na wa ziwa. Usihifadhi dawa katika chupa za soda au bia bila kuziandika. Chupa ya kahawia huikinga dawa na mwanga, lakini mtoto mwenye kiu haulizi. Andika kwa Kirundi na Kiswahili, weka juu, funga. Vyombo vya dawa visirudi jikoni, na vaa glavu, kwa kuwa metoli iliyomo katika devilopa nyingi inaweza kuleta mzio wa ngozi. Fiksa iliyotumika ina fedha, na fedha iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe vya majini. Gihosha inateremka kuelekea mto Ntahangwa, na Ntahangwa inaingia Tanganyika, ziwa ambalo Bujumbura inanywa maji yake na kula mikeke na ndagala wake. Kwa hiyo fiksa isimwagwe mferejini kamwe. Ikusanye katika dumu, tumbukiza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na uziache siku kadhaa. Chuma huyeyuka na fedha huganda mahali pake. Wapiga picha kadhaa wa mtaa mmoja wakiunganisha madumu yao, kazi hiyo hufanyika kwa pamoja, na matope ya fedha yanayobaki yana thamani kwa sonara.

Ewe unayetaka kuanza, anza na vichache: filamu ya aina moja, devilopa ya aina moja, kipimajoto kimoja na daftari. Andika joto la bidoni, dakika, na hali ya jua ya kila filamu. Negativu ikitoka na vivuli vitupu, ongeza mwanga kwenye kamera. Ikitoka na sehemu za mwanga zilizojaa, punguza dakika. Badilisha jambo moja kwa wakati, na daftari lako litakuwa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya maji ya Gihosha na jua la Gihosha. Ukishakijaza, mwazime jirani anayeanza.